Pojo za Kitui, Karai la Mchina na Msafiri wa Pwani

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii wengi wetu huitumia kwa utani mgeni anapobisha hodi wakati wa chakula, lakini ukiipima vizuri katika nchi ya Ukambani utaiona ina ukweli mkubwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja wageni kutoka Asia wamekuwa wakipita katika nchi ile kavu ya Kitui na Makueni, na kila mgeni aliyepita ameacha nyuma yake chungu, kiungo au namna ya kupika.

Msafiri wa Pwani anayekwenda bara siku hizi hulikuta jambo hili mezani. Akiketi katika hoteli kubwa kidogo ya Wote, Emali au mji wa Kitui, ataona nyama choma na ugali, ndiyo, lakini kando yake ataona wali wa kukaanga wa Kichina, tambi na mboga, kuku wa pilipili tamu, chapati kwa ndengu na chipsi za masala. Mwenyewe ni Mswahili, ni Mwislamu, ana njaa, na safari bado ndefu. Je, ale nini, aulize nini, na aache nini? Hayo ndiyo tunayotaka kuyazungumza leo.

RELI MBILI, WAGENI WAWILI

Wageni wa kwanza walikuja na reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, na kazi hiyo ilifanywa na maelfu ya vibarua na mafundi waliotoka Bara Hindi. Reli ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Baada ya kazi wengi walirejea kwao, wengine wakabaki na kufungua maduka. Duka la Mhindi ndilo lililoleta unga wa ngano, bizari, samli na chai katika vijiji vya bara. Leo hakuna arusi wala sikukuu ya Ukambani isiyokuwa na chapati, na kijana wa Makueni ukimwambia kwamba chapati si chakula cha babu zake atakucheka.

Wageni wa pili nao walikuja na reli. Kampuni ya China Road and Bridge Corporation ilijenga reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo ilizinduliwa tarehe 31 Mei, 2017. Stesheni zake za abiria katika Makueni ni Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Wachina hawakuishia hapo. Kampuni ya Sinohydro ikapewa kazi ya barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, na mwaka 2018 ikazinduliwa kazi ya bwawa la Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui, mkononi mwa kampuni ya China Gezhouba.

Penye kazi pana kambi, na kambi ya Wachina haikosi jiko lake, wala mara nyingi haikosi bustani ya mboga pembeni. Kijana wa Kikamba anayesaidia jikoni hujifunza kukata karoti nyembamba kama njiti, kuwasha moto mkali na kukaanga kwa dakika mbili badala ya kuchemsha kwa saa mbili. Kazi ya barabara ikiisha, ujuzi hubaki mikononi mwake.

MEZA YA MAKINDU

Kabla hatujafika China, hatuna budi kutua Makindu, maana hapo ndipo penye meza mashuhuri kuliko zote za Kiasia katika njia ya Mombasa. Hekalu la Masingasinga la Makindu lilijengwa mwaka 1926, zama ambazo mji ule ulikuwa kituo cha reli na Masingasinga wengi walifanya kazi hapo. Tangu hapo msafiri yeyote hupewa chakula bila malipo, awe Mkamba, Mwarabu, Mzungu au Mswahili. Hukuti nyama. Utapewa chapati, dengu au mboga za bizari, wali, na chai ya maziwa. Masharti ni machache: vua viatu, funika kichwa, usiingie na pombe wala tumbaku, na usichukue chakula usichoweza kukimaliza.

Wahenga walisema pia kwamba msafiri maskini ajapokuwa sultani. Wenye Makindu wameielewa methali hiyo, ijapokuwa si yao. Wapo Waislamu wanaosimama pale na wapo wanaoona ni heri wapite, na hilo ni jambo la mtu na moyo wake na shehe wake. Lakini kwa upande wa chakula chenyewe, swali la machinjo halipo, kwa kuwa hakuna kilichochinjwa.

CHINA SI CHUNGU KIMOJA

Kosa kubwa la watu wetu ni kudhani kwamba chakula cha Kichina ni kimoja. China ni nchi kubwa mno, na Wachina wenyewe huhesabu mapishi manane makuu ya majimbo yao. Watu wa Sichuan hupenda pilipili, tena wana pilipili yao nyingine ya namna ya punje ambayo huufanya ulimi ufe ganzi. Watu wa Guangdong, upande wa kusini, hupenda ladha nyepesi, samaki wa mvuke na mboga zisizoiva sana. Fujian ni watu wa bahari na supu. Kaskazini, kama Shandong, ngano hushinda mchele, na mikate yao huiva kwa mvuke.

Basi ukiletewa sahani ukaiona haina chumvi wala pilipili, usiseme Wachina hawajui kupika. Huenda umepikiwa mapishi ya kusini na wewe roho yako ni ya Sichuan. Sema unachopenda, upikiwe.

Lakini lililo zuri zaidi kwa msomaji wa Pwani ni hili: Uchina ina mamilioni ya Waislamu, na Waislamu hao wana mapishi yao mashuhuri. Mji wa Lanzhou, katika jimbo la Gansu, unajulikana kwa tambi zinazovutwa kwa mkono mpaka ziwe nyembamba kama uzi, zikatiwa katika supu ya nyama ya ng'ombe, figili, kotmiri na mafuta ya pilipili. Huko Xinjiang wenyeji wa Kiuighuri hupika wali wa nyama ya kondoo na karoti wanaouita polo. Msomaji, hilo si jina geni: ni ndugu wa pilau yetu. Wana samsa, ambayo ni ndugu wa sambusa. Wana na mishikaki ya kondoo inayonyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili. Duka la Mwislamu wa Kichina huandikwa mlangoni neno qingzhen, maana yake "safi na kweli", na kwao hilo ndilo neno la halali.

Wala sisi na wao hatujaanza kujuana jana. Amirali Zheng He, mzawa wa Yunnan wa ukoo wa Kiislamu, aliongoza merikebu za China katika bahari hii ya Hindi katika karne ya 15, na Malindi ni mojawapo ya bandari zilizofikiwa. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, watu wakamstaajabia. Na neno chai tunalolitamka kila asubuhi asili yake ni Kichina. Jani ni la China, kulichemsha pamoja na maziwa tumefundishwa na Wahindi, na leo Mkamba na Mswahili wote huliita lao.

POJO NI MJUKUU WA ASIA

Sasa tuje kwenye pojo, ambazo wenzetu wa Ukambani huziita ndengu. Huu ni mmea wenye asili ya Bara Hindi, na ardhi ya Kitui na Makueni imeupokea kama mwana wa nyumbani. Huvumilia ukame, na huvunwa baada ya miezi miwili hadi mitatu tu tangu kupandwa. Mwaka 2018 serikali ya Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, iliwagawia wakulima mbegu na kuifanya ndengu kuwa zao la kampeni kubwa.

Sisi Pwani huzipika pojo kwa tui la nazi. Wakamba huzipika kwa kitunguu na nyanya, wakala na chapati. Lakini angalia Asia inavyozitumia. Mhindi huzikoboa akapika dengu za manjano, au huzichanganya na mchele. Watu wa Indonesia na Malaysia, ambao wengi wao ni Waislamu kama sisi, huzipika uji kwa tui na sukari ya mnazi, na uji huo hupendwa sana wakati wa kufuturu. Mchina huzichemsha kwa sukari akanywa maji yake siku za joto. Wanga wake hufanywa tambi nyembamba zinazopenya mwangaza kama kioo, na watu wa Sichuan huugandisha, wakaukatakata na kuutia siki na pilipili.

Na zile mboga nyeupe zenye mikia, unazoziona katika tambi za Kichina na kudhani zimetoka mbali kwa meli, nazo ni pojo zilizochipuzwa. Mama wa nyumbani anaweza kuzifanya mwenyewe. Chagua pojo nzima zisizo na dudu, ziroweke usiku kucha, zimwage maji, uzifunike katika chombo chenye matundu mahali penye giza. Zisuuze mara mbili au tatu kila siku kwa maji safi. Siku ya nne hivi zitakuwa zimetoa mikia mirefu. Weka karai motoni, tia mafuta kidogo, tangawizi na kitunguu saumu, kisha zikaange kwa dakika moja tu. Zaidi ya hapo zitalegea na utamu utakwisha.

Hali kadhalika mbaazi. Sisi tunazila na mahamri asubuhi. Makueni na Kitui huzilima, na Wahindi huzinunua kwa kufanya dengu. Hata embe, ambalo Makueni imejipatia sifa kwalo, asili yake ni Asia. Kwa hivyo yule anayesema chakula cha Asia ni cha wageni, na amwulize mkulima wa Ukambani analima nini.

NANI KACHINJA?

Hapa ndipo penye jambo zito. Katika mapishi ya kawaida ya Kichina nyama ya nguruwe ndiyo nyama inayotangulia. Mafuta yake hutumika kukaangia hata mboga. Tena mpishi hutia mvinyo wa mchele katika marinado na mchuzi ili kuondoa harufu ya nyama na samaki. Kwa hiyo haitoshi kuagiza "wali wa mboga" ukadhani umesalimika. Karai ni moja, mwiko ni mmoja.

Uliza maswali manne, kwa upole. Kuku huyu kachinjwa na nani? Mnakaangia mafuta gani? Nguruwe hupikwa katika jiko hili? Mnatia mvinyo? Swali la kuku ni la lazima kuliko watu wanavyodhani. Nyama ya ng'ombe na ya mbuzi mara nyingi hutoka katika machinjio ambako mchinjaji ni Mwislamu, lakini kuku huchinjwa nyuma ya jiko na yeyote aliye karibu. Wakamba si watu wa kuona haya kujibu. Muulize msichana anayekuhudumia, "Dada, mna mchinjaji Mwislamu?" naye atakwambia, "La, mzee, lakini naweza kukukaangia mayai katika kikaango kingine." Hapo umekula, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Aidha Waislamu wamekuwako Kitui tangu zama za misafara, na penye msikiti hapakosi mtu wa kukuelekeza.

Yako na maneno ya punda. Ukambani punda ndiye mbeba maji, na wenye punda walipolia kwamba wanyama wao wanaibwa na kuchinjwa ili ngozi ziuzwe China kwa kufanyia dawa, serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Februari 2020. Mwaka 2021 mahakama ikaiondoa marufuku hiyo. Mwislamu ana haki ya kuwa na hadhari, kwani nyama ya punda wa kufugwa si halali kwetu. Lakini tuwe waadilifu: habari ya ngozi isitufanye tumtuhumu kila mpishi Mchina kwamba chunguni mwake mna punda. Dhana si ushahidi. Ukiwa na shaka, acha; usipokuwa na hakika, usimsingizie mtu.

FAIDA KWA MKULIMA

Liko na jambo la mwisho, nalo ni la haki. Kilio cha mkulima wa ndengu ni kwamba msimu wa mavuno dalali huja na bei yake mwenyewe, na mwenye njaa hana subira ya kubishana. Gunia linalotoka kwake kwa bei ya chini hurudi mezani likiwa sahani ya bei ya juu, lenye jina la kigeni. Laiti hoteli za Kitui, Wote, Mombasa na Malindi zingenunua pojo, mbaazi na maembe moja kwa moja kutoka kwa vyama vya wakulima, na vijana waliojifunza karai kambini wakafungua mikahawa yao, na wakamweka mchinjaji Mwislamu, basi msafiri wa Pwani angekula bila wasiwasi na pesa zingebaki mashambani.

Hoteli itakayoanza kufanya hivyo haitakosa wateja, maana Waislamu wanaopita njia ile kila siku ni wengi, na wengi wao hushinda na chai kavu na biskuti kwa kukosa pa kula. Mwenye hoteli wa Emali au Kibwezi aliyesoma haya na alifikirie. Nasi tunaosafiri, tusione haya kuuliza, na tusione vibaya kuonja kilicho halali. Kuuliza si ujinga.