Lincolnshire: Kabichi Iko Shambani, Ajira Ziko Kwenye Kufungasha

Wengi mkisikia Uingereza mnawaza London na mpira. Leo twende Lincolnshire, kaunti ya mashariki mwa nchi hiyo, ambako mboga zinalisha watu wengi kweli. Kusini mwake, kuzunguka Boston, Spalding na Holbeach, ardhi ni tambarare. Zamani palikuwa kinamasi, wakachimba mifereji ya kutoa maji, sasa panalimwa kabichi, brokoli, koliflawa, viazi, hadi maua.

Angalia ajira ziko wapi. Mwenye shamba analima eneo kubwa kwa mashine na watu wachache tu wa kudumu. Wengi wako viwandani na kwenye maghala: kuosha, kuchambua, kukata, kufungasha, kupakia malori ya baridi kwenda supamaketi. Fundi wa majokofu, dereva, mkagua ubora, wote wanakula kwa kabichi ileile. Hata Chuo Kikuu cha Lincoln kimeweka kituo cha kufundisha usindikaji wa chakula hapo hapo Holbeach.

Grimsby, kaskazini, ndiyo imenifikirisha zaidi. Ulikuwa mji wa meli za uvuvi. Mwaka 1976 Uingereza ikakubali yaishe, Iceland ikabaki na bahari yake hadi maili 200, na meli nyingi za Grimsby zikakosa pa kuvua. Mji uliumia. Lakini viwanda vya samaki havikuondoka. Mpaka leo vinapokea samaki wa Iceland na Norwe. Samaki si wao, ajira ni zao!

Ila msidhani kule ni asali tupu. Kazi nyingi ni za msimu, ujira mdogo, baridi na zamu za usiku. Kuanzia 2004 watu wa Poland, Lithuania na Latvia walikuja kwa wingi kuzifanya. Wenyeji wakanung'unika kuhusu nyumba na mishahara, na mwaka 2016 zaidi ya asilimia 75 ya waliopiga kura Boston walitaka nchi itoke Umoja wa Ulaya. Hakuna eneo Uingereza lililowapita. Kabichi nayo haisubiri siasa. Ilipofika 2019 serikali ikaanza kujaribu viza ya vibarua wa msimu, nafasi 2,500, kibarua anakaa miezi 6 anarudi kwao. Baadaye nafasi zikafika makumi ya maelfu.

Jambo moja nawaonea wivu: sheria ya 2004 inamtaka dalali wa vibarua wa kilimo awe na leseni. Huku kwetu nyanya zikiiva unampigia simu kiongozi wa vibarua, unampa hela yote, wale kina mama waliochuma wamepata ngapi hujui. Lipa mkononi kwa mtu, andika kwenye daftari.

Na ninyi mnaochangishana kununua trekta, mimi ningeanza na kibanda cha kuchambulia, kreti na mzani. Wiki ijayo naleta hesabu ya kibanda.