Walioomba Kulipa Kodi Zaidi

Mwaka 1936 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa watu wasiohesabiwa kuwa wenyeji. Mzungu alitakiwa kulipa shilingi 40 kwa mwaka, Mhindi shilingi 30, Msomali shilingi 20. Mtu akipunguziwa kodi hushukuru. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, ambao Kenya tumewazoea kwa jina la Waisahakia, walikasirika. Waliandika maombi na kupeleka malalamiko yao hadi London, wakidai walipe shilingi 30 kama Wahindi. Serikali ilikataa.

Kisa hicho kinajibu swali ninaloulizwa kila mara katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki: mbona Wahindi walitajirika na wageni wengine waliokuja enzi hiyohiyo hawakutajirika? Anayeuliza huwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe ni la tabia. Mhindi anajua hesabu, hali ovyo pesa, ndugu zake humshika mkono. Msomali naye ni mtu wa mifugo na safari, hatulii mahali pamoja. Jibu hilo silikubali. Waisahakia wa miaka ya 1930 walikuwa wameelewa jambo ambalo wengi wetu tumelisahau: zile shilingi 10 za ziada zilikuwa bei ya daraja. Daraja ndilo lililoamua mgonjwa atalazwa wodi gani, mfungwa atakula nini, mtoto atasoma shule ipi, familia itajenga sehemu gani ya mji, na mtu akisafiri ataulizwa kibali au hataulizwa.

Tuanze na namna kila jamii ilivyofika. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli ya Uganda, kwa mikataba ya miaka mitatu. Takriban 2,500 walifia kazini. Waliobaki Afrika Mashariki baada ya mikataba kwisha hawakufika 7,000. Wengine walirudi kwao. Kwa hiyo ile hadithi tamu kwamba kibarua wa reli ndiye aliyegeuka tajiri mwenye maduka haisimami vizuri. Wenye maduka wengi walikuwa watu wengine kabisa, hasa Wagujarati na Wakachi waliojilipia nauli au kuitwa na jamaa zao, wakifuata njia za biashara zilizokuwapo pwani tangu enzi za masultani wa Zanzibar. Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alikuwa na matawi ya maduka kutoka Mombasa hadi Uganda, na vijana wengi waliokuja kuanzisha yao walipitia kwake au kwa wafanyabiashara wa aina yake.

Waisahakia walitoka Somalia ya Waingereza na Aden. Baadhi yao walifika na misafara ya wawindaji wa Kizungu. Mlowezi Mwingereza Lord Delamere, aliyeingia Kenya mwaka 1897 akitokea Somalia, alikuja na Wasomali. Farah Aden, msimamizi wa nyumba ya mwandishi Karen Blixen pale Ngong, alikuwa mtu wa jamii hii. Wengine walikuwa askari, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha walitafuta mahali pa kukaa na mifugo yao. Ndipo zikazuka jamii za Waisahakia Isiolo, Nanyuki, Rumuruti, Gilgil na Naivasha. Mwaka 1919 sheria maalumu iliwaondoa baadhi ya Wasomali katika kundi la wenyeji. Kuondolewa huko hakukuwapa daraja la Mhindi wala la Mzungu. Kuliwaacha katikati, na katikati hapo ndipo walipokaa kwa miongo mingi.

Sasa tazama Kiganjo, kituo kidogo cha reli karibu na Nyeri. Reli ya kutoka Thika haikupanda hadi Nyeri mjini. Ilipita Kiganjo, ikaendelea Naro Moru na kufika Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Upande mmoja kulikuwa na ardhi ya Wakikuyu iliyotengwa kama hifadhi yao, na upande wa pili yakaanza mashamba ya walowezi yaliyotandaa hadi Laikipia. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko, na Waraka wa Devonshire wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1923 ulilipigilia msumari jambo hilo. Lakini mahali treni iliposimama palihitajika sukari, chumvi, mafuta ya taa, blanketi, majembe na kitambaa cha marekani. Kwa hiyo katika vituo vya biashara alipewa ploti, na ploti ilikuja na hati ya kukodi kwa miaka mingi, mara nyingi 99.

Hati hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko duka lenyewe. Mwagizaji wa Mombasa alimkopesha mwenye jumla wa Nairobi, wa Nairobi akamkopesha wa Nyeri, wa Nyeri akamkopesha mwenye duka dogo kando ya reli, kila mmoja kwa miezi miwili mitatu. Mnyororo huo ulihitaji vitu viwili: kufahamiana, na mahali ambapo mdai angeweza kumkuta mdaiwa. Hati ya ploti ilimaanisha kwamba mwenye duka hatahama usiku. Majengo yenyewe bado yapo katika miji yetu: baraza mbele lenye nguzo nyembamba, mahali fundi alipoweka cherehani yake, duka lenye kaunta ya mbao, stoo nyuma yake, kisha vyumba vya familia na ua. Biashara, makazi na dhamana vilikaa chini ya paa moja la mabati. Mke na watoto walifanya kazi pale bila mshahara. Na shule za watoto wa Kihindi, ingawa hazikulingana na za Wazungu, zilipata ruzuku ya serikali iliyozidi ya Waafrika kwa mbali.

Mwafrika wa Nyeri aliyetaka kufungua duka alikumbana na sheria iliyokataza kumkopesha zaidi ya shilingi 200 bila idhini ya serikali. Hilo linastahili makala yake, lakini lisisahauliwe tunaposifu ustadi wa jirani wa Kihindi. Ustadi ulikuwapo. Ushindani ndio haukuwapo.

Mali ya Msomali ilitembea. Alinunua mbuzi, kondoo na ng'ombe kwa Waborana, Wasamburu na Wasomali wenzake huko kaskazini, akawaswaga kuteremka kwa Wakikuyu ambao walihitaji mifugo kwa nyama na kwa mahari. Bidhaa ilikuwapo kwa wingi, wanunuzi walikuwapo, na umbali haukuwa wa kutisha. Kilichomzuia ni karantini. Walowezi wa Laikipia walihofia sotoka na homa ya mapafu ya ng'ombe, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli, maana magonjwa hayo yalimaliza mazizi. Lakini mifugo ya kaskazini pia ilikuwa ya bei nafuu, na kuifungia njia kulilinda soko la mlowezi pamoja na ng'ombe wake. Mfanyabiashara aliyefika Isiolo na kundi lake aliweza kusubirishwa hadi faida yote ikaliwa na malisho, vifo na wizi. Hata ardhi aliyoikalia Isiolo ilikuwa ya kibali cha malisho, na kibali hufutwa. Hakuna mfanyabiashara wa jumla wa Nairobi ambaye angepokea kibali cha malisho kama dhamana ya gunia la sukari.

Huu ndio moyo wa hoja yangu. Ukilinganisha jamii mbili kwa utajiri zilio nao leo, unalinganisha pia karatasi ambazo babu zao walikabidhiwa. Duka lilikuwa na hati, kwa hiyo lilikopesheka, likarithiwa, likauzwa, na pesa zake zikasomesha mtoto Nairobi au London. Kundi la ng'ombe huenda lilikuwa na thamani kubwa kuliko duka, lakini halikukopesheka benki, na ukame mmoja ulitosha kulirudisha nyuma kizazi kizima.

Mtafiti mwangalifu atauliza pia: tunawahesabu akina nani? Sensa ya mwaka 1962 ilipata watu wa asili ya Asia 176,613 nchini Kenya. Ya mwaka 2019 iliwapata raia wenye asili hiyo 47,555 na wasio raia 42,972. Katikati kuna historia chungu. Uhuru ulipokuja walipewa miaka miwili kuomba uraia, na wengi hawakuomba au hawakukamilisha. Mwaka 1967 zikaja sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia akazuiwa kufanya biashara nje ya maeneo maalumu ya miji mikubwa na kuuza baadhi ya bidhaa muhimu. Mwaka uliofuata Uingereza nayo ikapitisha sheria ya kuwafungia mlango watu waliokuwa na pasi zake. Maelfu walikimbilia ndege kabla mlango haujafungwa.

Vituo vidogo kama Kiganjo na Karatina ndivyo vilivyobadilika haraka. Maduka yakanunuliwa na Wakikuyu, wengi wakisaidiwa na mikopo ya shirika la serikali la ICDC. Wahindi waliobaki Kenya walijikusanya Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine mikubwa. Kwa hiyo ukimtazama tajiri wa Kihindi wa leo unamtazama aliyepita katika chujio mara mbili: aliyebaki baada ya uhuru, na aliyeweza kuhamishia mtaji wake mjini. Waliofilisika Nyeri na kuondoka hawamo katika picha. Waisahakia wa Kenya, kwa upande wao, wengi hawakuwa na pasi ya kukimbilia popote. Walibaki, maskini wao na matajiri wao, na wanahesabiwa wote pamoja. Kulinganisha mabaki yaliyochujwa na jamii nzima isiyochujwa ni kosa la hesabu, hata kama anayelifanya hana nia mbaya.

Tena swali la nani amefaulu linategemea unapima nini. Kwa kipato na elimu ya juu, Wahindi wa Kenya wako mbele bila shaka yoyote. Ukipima mizizi, picha inabadilika. Nanyuki utawakuta Waisahakia wa kizazi cha nne wanaosema Kikuyu na Kiswahili kama watu wa hapo, waliozika babu zao hapo, wenye udugu wa ndoa na majirani. Jamii ya Kihindi katika miji hiyohiyo imepungua hadi familia chache. Ilipofika Julai 2017 serikali iliwatangaza Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44 la nchi, miaka zaidi ya mia moja baada ya reli. Utajiri haukuwa umewanunulia jambo hilo.

Uingereza imetupatia jaribio la pili, kwa jamii hizihizi. Wahindi wa Afrika Mashariki waliofika huko miaka ya 1960 na 1970 walikuwa na Kiingereza, vyeti vya shule, uzoefu wa biashara na pasi ya Uingereza mfukoni. Mji wa Leicester umejaa kazi ya mikono yao, na mwaka 2022 Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Nairobi na mama yake Tanganyika, akawa waziri mkuu. Waisahakia walitangulia Uingereza, maana mabaharia wao walikuwa Cardiff tangu karne ya 19. Lakini wengi wao walifika baada ya Hargeisa kupigwa mabomu mwaka 1988, wakiwa wakimbizi, akina mama wengi wakiwa peke yao na watoto. Takwimu za huko zinaonyesha Wasomali wakiwa nyuma sana katika ajira na umiliki wa nyumba. Watu walewale wanaosema kwamba hiyo ni tabia wangepaswa kueleza kwa nini tabia hiyo inafuata hati za kuingilia kwa uaminifu mkubwa namna hii.

Sisemi kwamba utamaduni hauna kazi. Mtandao wa ndugu wa Kigujarati ulikuwa nguvu ya kweli. Lakini Wasomali nao wana mtandao kama huo, na mahali ulipoachiwa nafasi umefanya makubwa; mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ni ushahidi tosha. Ushahidi mwingine hupita barabara ya Nanyuki na Kiganjo karibu kila siku: mitungi ya maziwa ya ngamia ndani ya mabasi, yaliyokusanywa na vyama vya akina mama wa Isiolo, wengi wao Wasomali, yakipelekwa Nairobi. Kiganjo kwenyewe kuna kiwanda cha maziwa cha KCC, shirika lililoanzishwa na walowezi mwaka 1925. Maziwa ya ng'ombe wa mlowezi yalipata ushirika, kiwanda na reli mapema. Ya ngamia yamejitafutia njia yenyewe, juu ya uaminifu wa dereva na mpokeaji.

Mambo haya hayajapita. Kwa Msomali wa Kenya, kitambulisho kimekuwa kama karantini ya pili. Baada ya hali ya hatari iliyotangazwa kaskazini mwaka 1963, ulikuja msako wa mwaka 1989 uliowalazimisha Wasomali kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi za rangi ya waridi. Kijana anayetaka kuingia chuo cha polisi cha Kiganjo huulizwa kitambulisho kabla ya kuulizwa mbio zake. Kijana wa Nyeri alikipata kwa wiki chache. Wa Isiolo aliitwa kwanza mbele ya kamati ya wazee na maafisa aulizwe babu yake ni nani. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuufuta uchunguzi huo wa ziada.

Wakati huohuo zile hati za miaka 99 zilizotolewa miaka ya 1920 na 1930 zinafikia ukomo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inampa mpangaji wa zamani nafasi ya kwanza ya kuongezewa muda, kwa sharti kwamba awe raia wa Kenya. Familia za Kihindi zilizobaki, Wakikuyu walionunua maduka yao, na Waisahakia wa Nanyuki na Isiolo ambao wamedai hati kwa muda mrefu, sasa wote wanapanga foleni katika ofisi za ardhi zilezile.