Mzizi Mmoja, Tabia Mbili

Goweko, kituo cha Reli ya Kati wilayani Uyui, kiko Unyamwezini, ambako swali la muhogo si umetoka shamba gani tu, bali umetengenezwaje. Muhogo mchungu una linamarini, ambayo mzizi ukipondwa huvunjika na kutoa sayanidi. Ukilowekwa au kuvundikwa siku za kutosha kabla ya kuanikwa, sumu hiyo hutoka; ukiharakishwa, hubaki. Huko Tarime, kaskazini mwa Tanzania, katika ukame wa mwaka 1985, njaa ilifupisha hatua hizo na watu wakapatwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu. Zao lilikuwa lilelile. Kilichopungua ni kazi ya kulitengeneza.

Kipimo hicho cha kuuliza mzizi umetengenezwaje kinaifaa pia jinsengi, mzizi wa Korea na China unaosifiwa kuwa hupunguza unene. Ukikaushwa bila kupikwa huitwa jinsengi nyeupe. Ukipikwa kwa mvuke kisha ukakaushwa huwa nyekundu. Joto la mvuke hung'oa sukari zilizoshikamana na viambato vyake, jinsenosidi, hata aina iitwayo Rb1 ikapungua na ile iitwayo Rg3 ikaongezeka. Katika majaribio ya maabara kwa seli changa za panya, Rb1 imeonekana kuzihimiza zigeuke seli za mafuta, na Rg3 kuzizuia. Kwa hiyo kuuliza kama jinsengi hupunguza mafuta ni kuuliza nusu ya swali: jinsengi ipi, iliyopikwaje?

Mtu atapinga kwamba seli ndani ya kisahani si mwili wa binadamu. Ni kweli, tena bakteria wa utumbo nao huibadilisha Rb1 baada ya kumezwa. Lakini hoja hiyo haimwokoi muuzaji anayeahidi kiuno chembamba. Inamnyima ushahidi, maana mzizi hupita jiko la kiwandani, kisha jiko la tumboni. Mwingine atasema wazee walitumia mizizi bila maabara. Walipima kwa njia yao: kila siku ya kuvundika muhogo ni matokeo ya jaribio lililorithiwa. Anayeheshimu elimu hiyo hawezi kuridhika na jina la mmea lililoandikwa kwenye kopo. Na anayemeza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza, kwa kuwa jinsengi inaweza kudhoofisha nguvu ya dawa hiyo. Asili ya mzizi haitoshi kuwa dhamana. Kwa jinsengi kama kwa muhogo, ulizia kwanza jiko.