Fahamu: Barua za Dreyfus, na Uasin Gishu inavyoingia

Alfred Dreyfus alikuwa kapteni Myahudi katika jeshi la Ufaransa. Mwaka 1894 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuiuzia Ujerumani siri, kosa ambalo hakulitenda. Novemba 2025 Ufaransa ilimpandisha cheo kuwa brigedia jenerali, miaka 90 baada ya kifo chake.

Shtaka lilitoka wapi?

Kwenye kikaratasi kilichochanwa kilichotaja siri hizo, kilichookotwa na mfanya usafi katika ubalozi wa Ujerumani, Paris. Mwandiko ulikuwa wa ofisa mwingine, Esterhazy. Lakini mshukiwa alikuwa Myahudi, na kwa wengi jeshini hilo lilitosha.

Barua zenyewe

Kutoka Kisiwa cha Ibilisi, alikofungwa, alimwandikia mkewe, Lucie, akisisitiza kwamba hana hatia. Maofisa walizisoma kwanza. Baadaye hata barua za Lucie alipewa nakala tu, asiuone mwandiko wa mkewe. Ukatili mdogo, ila wa makusudi. Barua zake zilichapishwa 1898. Mahakama ilimsafisha 1906.

Kenya je?

Mwanahabari Theodor Herzl aliripoti Dreyfus alipovuliwa cheo hadharani, Januari 1895. Mwaka 1903 Uingereza iliipa harakati ya Kizayuni ya Herzl, iliyotafuta makao ya Wayahudi, pendekezo la ardhi, Uasin Gishu ikilengwa. Wenyeji hawakuulizwa. Kongamano la Wazayuni lilikataa pendekezo hilo 1905.