Dhahabu Nyekundu ya Kituo cha Afya

Wewe mchimbaji wa Manguredjipa au mnunuzi wa Butembo, dhahabu unaijua: ni ya manjano, inapimwa kwa mzani. Je, umekwisha kuona dhahabu nyekundu? Pengine umeiona bila kujua.

Mtoto akishikwa na homa, unamfikisha kituo cha afya. Muuguzi anamchoma kidole, anatia tone la damu katika kipimo cha plastiki na kuongeza matone ya dawa. Baada ya dakika 15 hivi, mistari miekundu inatokea. Katika vipimo vingi vya namna hii, wekundu huo ni dhahabu!

Utaniuliza: "Ndugu, zahabu gani hiyo?" Kwenye maabara wanaiyeyusha kwa asidi kali, wanaitia katika maji yanayochemka, kisha wanaongeza chumvi ya asidi ya ndimu. Maji yanageuka mekundu kama divai. Ndani yake mna chembe ndogo mno: 25,000 zikipangwa mstari mmoja zinafika milimeta 1 tu. Udogo huo ndio unaobadilisha rangi: chembe zinameza mwanga wa kijani, jicho linabaki na wekundu. Mwanasayansi Michael Faraday aliandika habari za maji kama hayo kule London mwaka 1857.

Halafu chembe zinavikwa kingamwili, yaani askari wa damu, wanaokamata protini ya kijidudu cha malaria. Zinasafiri pamoja hadi penye mstari ambako askari wengine wanangoja. Chembe moja haionekani. Nyingi zikikusanyika, mstari unaonekana.

Mbona tunakuandikia haya? Kwa sababu wengi wananunua dawa kabla ya kupima. Kumbuka Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 huku kwetu Beni na Butembo, ikaisha Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Homa yake ya mwanzo ilifanana na malaria.

Basi shika haya matatu. Mstari wa C usipotokea, kipimo kimeharibika, kirudiwe. Mstari wa malaria ukitokea, hata ukififia, malaria iko. Mtoto amalize dawa yote. Usipotokea, usiseme ni mzima: mwulize muganga homa inatoka wapi.

Baba, shimoni unatoka jasho kwa ajili ya watoto. Usiwanyime dhahabu hii ndogo inayowalinda.