Kusoma Mafungu ya Faharasa katika Lucene

Mwanachuoni atakaye kuhesabu maneno katika matini nyingi hana haja tena ya kujaza kadi moja moja. Kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na mara nyingi kwa msaada wa Lucene, iliyoanzishwa na Doug Cutting mwaka 1999 na kuingia katika Apache Software Foundation mwaka 2001. Lucene si mtambo kamili wa kutafutia, bali ni maktaba ya programu, yaani akiba ya sehemu zilizo tayari, ambazo watungaji wa mitambo hiyo huzitumia. Lakini hesabu ipatikanayo humo yaweza kumpoteza asiyejua jinsi faharasa yake isomwavyo.

Faharasa hiyo si kitabu kimoja. Imegawanyika katika mafungu, na kila fungu ni faharasa kamili: lina orodha ya maneno iliyopangwa kwa taratibu, na kila neno lina namba za hati lipatikanamo. Fungu likiisha kuandikwa, orodha hiyo haibadilishwi. Hati mpya zikija, huandikiwa fungu jipya. Hati ikifutwa, haiondolewi; hutiwa alama tu, katika faili ya pembeni. Baadaye mafungu kadhaa huunganishwa kuwa moja, na hapo ndipo hati zilizofutwa huachwa nje.

Faharasa ifunguliwapo, kisomaji cha jumla hutazama faili iorodheshayo mafungu yaliyopo, kisha kila fungu hupewa kisomaji chake. Kisomaji huiona faharasa kama ilivyokuwa wakati wa kufunguliwa. Kikifunguliwa upya, mafungu ya zamani yaliyosalia hutumika vile vile, na yaliyo mapya tu ndiyo hufunguliwa.

Chukuliwe mfano wa faharasa yenye mafungu mawili, la kwanza la hati 100 na la pili la hati 50. Neno “jahazi” limo katika hati 12 za fungu la kwanza, na 3 kati ya hizo zimekwisha kufutwa; katika fungu la pili limo katika hati 5. Atafutaye neno hilo ataletewa hati 14. Lakini aiulizaye orodha ya maneno idadi ya hati zenye neno hilo atajibiwa 17, kwa kuwa orodha haijui habari ya alama za pembeni. Apendaye hesabu ya kweli hana budi kupita fungu kwa fungu na kulinganisha kila namba na alama hizo.

Hali kadhalika, idadi ya maneno mbalimbali haipatikani kwa kujumlisha orodha za mafungu, maana “jahazi” limo katika zote mbili na lingehesabiwa mara mbili.

Tena, namba za hati huanza na 0 katika kila fungu. Hati ya namba 7 katika fungu la pili ni namba 107 katika faharasa nzima, kwa kuongezewa 100 za fungu lililotangulia. Mafungu yakiunganishwa, namba hiyo yaweza kubadilika. Kwa hiyo mtungaji wa kamusi asiitaje kuwa ndiyo marejeo ya mfano wake. Kila hati na ipewe alama yake ya kudumu kabla ya kuingizwa katika faharasa.