Nusura Nipike Data

Wiki mbili kabla ya kukabidhi mradi wa mwaka wa mwisho, nusura nipike data. Nalisema wazi kwa sababu najua siko peke yangu.

Mradi wenyewe ulikuwa kuiga kwa kompyuta mwako wa methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi yetu ya Songo Songo. Nilitumia modeli ya GRI-Mech 3.0, ya mwaka 1999, yenye kemikali 53 na mimenyuko 325. Kila mmenyuko una namba za kasi yake, na namba hizo zimepimwa au kukadiriwa, kwa hiyo hakuna yenye uhakika kamili. Nilitaka kujua mwali unasafiri kwa kasi gani ndani ya mchanganyiko wa methani na hewa. Vipimo vya maabara, kwa joto la kawaida la chumba, vinasema kama sentimita 37 kwa sekunde. Kompyuta yangu ikanipa 42.

Mimenyuko 325, na jibu halikai. Unaanza na upi?

Hapo ndipo unapoingia uchanganuzi wa unyeti. Fikiria chai. Ukizidisha iliki punje moja, wanywaji hawastuki. Ukizidisha chumvi kijiko kimoja, hakuna anayemaliza kikombe. Swali ni lile lile: kipi kikiguswa kidogo, jibu linatikisika sana? Unaongeza kasi ya mmenyuko mmoja kwa asilimia 1, unarudia hesabu yote, unatazama. Jibu likipanda kwa asilimia 0.4, unyeti wake ni 0.4. Likishuka, unyeti ni hasi. Lisiposogea, achana nao. Unairudisha namba ilivyokuwa, unakwenda kwa mmenyuko unaofuata.

Tatizo ni muda. Hesabu moja ikichukua dakika 2, mizunguko 326 ni karibu saa 11, na uombe umeme usikatike. Ndiyo maana ipo njia ya ajointi: inaanzia kwenye jibu na kurudi nyuma, na kwa hesabu moja ya ziada inakupa unyeti wa namba zote. Ila ni kwa jibu moja tu. Ukitaka majibu matano, unarudi nyuma mara tano.

Orodha yangu ilipotoka, mimenyuko mingi haikuwa na athari yoyote ya maana. Ule niliokuwa nimeung'ang'ania wiki nzima haukuwamo hata kwenye kumi bora. Aliyeongoza alikuwa mzee anayejulikana: atomu ya hidrojeni inagonga molekuli ya oksijeni, zinatoka O na OH. Chembe moja tendaji inazaa mbili, na moto unashika kasi.

Shetani akaninong'oneza: punguza kasi ya huo mmenyuko kwa asilimia 30 hivi, 42 itashuka karibu na 37, ukalale. Kweli ingeshuka. Lakini huo ni kati ya mimenyuko iliyopimwa kwa uangalifu mkubwa kuliko yote katika sayansi ya mwako. Nilipompelekea msimamizi orodha yangu, aliuliza jambo moja tu: "Joto la kuanzia umeliweka kwenye orodha?"

Sikuliweka. Nilipofungua faili, ambalo nililiazima kwa mwenzangu aliyekuwa akichoma gesi iliyopashwa moto kwanza, nikakuta kelvini 325 badala ya 298. Nilipolirekebisha, jibu likakaa bila kugusa kemia.

Nimejifunza mambo mawili. La kwanza, unyeti unakuonyesha pa kutazama, haukuambii nani mwenye kosa. La pili, orodha haiwezi kukuonyesha kitu ambacho hukukiweka ndani yake. Joto, shinikizo na uwiano wa hewa navyo ni vigezo.

Tena njia hizi hupima jirani na hapo uliposimama tu. Namba mbili zikibadilika kwa pamoja na kwa wingi, picha inaweza kugeuka. Kwa hali hiyo kuna mbinu za eneo zima: ya Morris, ya mwaka 1991, huchuja vigezo visivyo na athari kwa hesabu chache, na ya Sobol huonyesha kila kigezo kinachangia sehemu gani ya mtawanyiko wa jibu, ingawa inadai hesabu nyingi zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa mwaka wa mwisho, jibu lako likikataa kukaa, usikimbilie kuligeuza. Kwanza liulize linasikiliza nini.